Kobe walale nje wakati wa baridi, au niwafungie sandukuni?

SWALI: Docta, jambo. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Nina kobe wawili ndani ya parseli, gamba la manjano lenye mabaka meusi, mkubwa ana kilo kama sita. Tangu mwezi wa sita uanze wanatoka wamechelewa na wanakula kidogo. Kaka yangu aliye Ubelgiji anasema niwafungie sandukuni mahali pa baridi, walale mpaka joto lirudi, kama anavyofanya kwa wake. Nimfuate?

JIBU: Hapana, mama. Kaka yako anajua kobe wake, ila wake na wako si wa aina moja. Kobe wa nchi za Mediterania hulala miezi ya baridi kwenye nyuzi 5 hivi, matumbo yakiwa matupu. Wako, kwa ulivyowaeleza, ni Stigmochelys pardalis, kobe wa savana tangu Sudan hadi Afrika Kusini. Huyo hana usingizi wa namna hiyo. Ukimweka kwenye baridi mfululizo, chakula kinamwozea tumboni na mapafu yanaugua.

Kukaa nje anaweza. Usiku wetu wa mwezi wa sita na wa saba hushuka hata chini ya nyuzi 10, lakini mchana jua lipo na mvua hakuna. Baridi kavu ya saa chache anaivumilia. Baridi yenye unyevu ndiyo mbaya. Kazi yako iko usiku.

Mjengee kibanda cha chini, cha kuwatosha wao tu. Kuta ziwe za matofali, maana hunywa joto la mchana na kulitoa taratibu usiku, wakati bati hupoa mara jua likizama. Mlango utazame kaskazini: majira haya jua letu hupita upande huo, na upepo wa baridi hutoka kusini-mashariki. Jaza nyasi kavu, na zikilowa mkojo zibadilishe siku hiyohiyo. Kabla giza halijaingia wawe ndani, mlango umezibwa kwa ubao.

Weka kipimajoto humo ukisome alfajiri. Mimi nikiona chini ya 12 naongeza bidoni ya maji ya moto iliyoviringishwa gunia. Taa siitegemei: kuran hukatika usiku wa manane, na balbu juu ya nyasi kavu ni kutafuta moto. Mbabula ndani ya kibanda, kamwe. Hewa ya makala huua kobe sawa na inavyoua watu.

Kula kidogo kusikutishe, tumbo lake linategemea joto. Wape nyasi na majani, lengalenga kidogo, asubuhi jua likishawaka. Bukari usiwape, hata wakiing'ang'ania. Mara mbili kwa wiki, saa sita mchana, waweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, kisha wakauke juani.

Kinachonitisha mimi ni mapovu puani, macho yaliyovimba, au kobe anayenyoosha shingo na kuachama ili avute hewa. Hana kiwambo (ule msuli wa chini ya mapafu) kama chetu cha kumsaidia kukohoa, kwa hiyo majimaji hubaki mapafuni. Muingize nyumbani, apate nyuzi 28 hivi mchana na usiku, umlete haraka. Antibiotiki zenyewe hufanya kazi vibaya ndani ya kobe aliyepoa. Na tafadhali, usimchome dawa ya mbuzi wako! Ivermektini, ambayo wafugaji wengi wanayo ndani kwa ajili ya minyoo na upele, ni sumu kwa kobe: inamlegeza misuli mpaka pumzi inakatika. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama.

Wakizaa, vitoto visivyozidi kiganja chako visilale kibandani kabisa. Hupoa upesi mno. Vilale ndani ya nyumba mpaka mwezi wa tisa, vitoke mchana tu.