Waridi la Rangi, la Harufu au la Kuvumilia? Maswali na Majibu

Mawaridi ya dukani ni mekundu ya kupendeza lakini hayanukii hata ukiyabandika puani. Kwa bustani yangu, nipande Papa Meilland au Mister Lincoln? (Arusha)

Hayo mawili ni ndugu, mama na baba mmoja: yote yametokana na kuchavusha mawaridi mawili, Chrysler Imperial na Charles Mallerin, yakatolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa harufu hutajutia lolote. Kwa rangi, Papa Meilland linashinda. Tumba lake ni jekundu hadi linakaribia weusi. Tatizo lake ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Mchana wa joto kavu ukifuatwa na usiku wa baridi yenye unyevu, majani machanga hujikunja na kuvaa vumbi jeupe, hata kama mvua haijanyesha. Mister Lincoln nalo hushikwa, ila kwa kiasi, na mche wake una nguvu: hufika mita 2, hivyo upande nyuma ya mingine.

Kwa Arusha tungechukua Mister Lincoln. Acha sentimita 90 kati ya mche na mche, mahali panapopigwa na jua la asubuhi. Vumbi likianza, nyunyiza salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, alfajiri au jioni. Joto likizidi nyuzi 30, salfa huunguza majani.

Ama ya dukani, kwa mfano yale ya Naivasha, yamechaguliwa kwa bua refu na kudumu kwenye chombo. Harufu haikuwa kipaumbele. Wala mbolea haitairudisha. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha Papa Meilland na Rouge Meilland lisilonukia, wakaona kimeng'enya kiitwacho NUDX1, kinachosaidia ua kutengeneza harufu, kinafanya kazi kwa nguvu kwenye petali za la kwanza na karibu hakipo kazini kwenye za la pili. Harufu ni ya kuzaliwa nayo. Unachoweza wewe ni kuchuma mapema, kabla jua halijaipeperusha.

Majani yanapata madoa meusi, yanageuka manjano na kupukutika mpaka mche unabaki fito. Nimeambiwa nipande Iceberg kwa sababu ni gumu. (Dar es Salaam)

Aliyekuambia pengine yuko bara. Iceberg, waridi jeupe la wakuzaji wa Kijerumani Kordes la mwaka 1958, huchanua bila kuchoka, halidai matunzo makubwa, na harufu yake ni hafifu. Lakini kwenye unyevu wa pwani nalo hupata madoa meusi. Huletwa na kuvu, naye anahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi ndipo aingie. Kwa hiyo anayemwagilia majani jioni kwa mpira anamwandalia kitanda. Mwagilia shinani asubuhi, okota majani yaliyoanguka uyachome, na weka matandazo ili matone yasirushe udongo juu.

Ukitaka waridi linalostahimili madoa hayo, tafuta Knock Out: jekundu la cheri, petali chache, mche mnene usiozidi mita moja na nusu. Usitarajie harufu. Ukiitaka, panda asumini pembeni.

Double Delight langu la barazani linachanua jeupe tupu. Nimeuziwa feki? (Moshi)

Hapana. Wekundu wa kingo zake huletwa na mwanga wa jua. Litoe nje lipate saa sita za jua na kingo zitaiva, kisha wekundu utaenea kadiri ua linavyozeeka. Harufu yake ni kali, ya viungo. Nalo ni mteja wa ubwiri unga.

Waridi langu la pinki sasa linatoa maua madogo ya petali tano, kwenye matawi membamba yenye miiba mingi. (Nairobi)

Hayo ni maotea ya shina la chini. Mche ulibebeshwa, yaani waridi lako liliunganishwa juu ya shina la waridi jingine, na sehemu ya chini inameza ya juu. Fukua udongo taratibu mpaka uone uvimbe wa kiungo. Kila tawi linalotoka chini ya uvimbe livute kwa nguvu ling'oke na jicho lake. Ukilikata kwa mkasi, yatarudi matatu.

Naweza kupeleka Zanzibar waridi la Jebel Akhdar, milima ya huku Oman, nitengeneze maji ya waridi? (Muscat)

Mche utaota, maua ndiyo shida. Waridi lile la damaski hulimwa kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, huhitaji baridi ya msimu ili litoe matumba, na huvunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Unguja haina baridi hiyo. Tumia petali za aina yoyote inayonukia sana, zichumwe asubuhi, na kwa masharti kwamba mche haujapigwa dawa ya wadudu. Maua ya kukatwa ya dukani yasiingie kwenye sufuria hiyo kabisa.