Chipu chache, watu 19: usukume lini

Mdogo wangu wa Shela, umeuliza ucheze vipi shindano la poka la mtandaoni leo saa 4 usiku: mmebaki 19, wanalipwa 15, nawe una chipu za kutosha madau makubwa (lile dau la lazima la kila mgawo) 12 tu.

Usilipe dau ili uone tu karata za mezani. Ama tupa, ama sukuma zote (weka chipu zako zote mezani) wewe kwanza, hasa ukiwa nafasi ya mgawaji, ambako wengi huamua kabla yako, na waliotangulia wametupa. Akikutangulia kusukuma mwenye rundo kubwa la chipu, ree (A) na 9 si za kumfuata. Mimi hapa Malindi nilitolewa hivyo nikiwa wa 17. Umeme umekatika, simu asilimia 6, nikaharakisha, kumbe mwenzangu ana ree na mzungu wa nne (K). Iliniuma wallahi. Chaji simu kabla ya magharibi, na bando ununue mapema.