Sukuma mbichi au ya kupikwa? Barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kweli sukuma wiki ikishapikwa haina faida tena. Umesema wenzako kazini wanaisaga mbichi kwenye blenda na kuinywa asubuhi, na wamekwambia ile tuliyowapikia nyinyi nyumbani ilikuwa ya kujaza tumbo tu. Hapana, mwanangu, usiache kupika. Ila namna ya kupika ndiyo yenye maneno.

Kuhusu vitamini C wenzako wana ukweli kiasi. Haivumilii moto wa muda mrefu na huyeyuka kwenye maji. Lakini inaanza kupotea kabla hata hujawasha jiko. Mama mboga anakukatia sukuma nyembamba, unafika nyumbani unaitumbukiza kwenye beseni na kuikamua kwa mikono. Yale maji ya kijani unayoyamwaga yameondoka na vitamini C na foleti, vitamini nyingine ya kundi B. Mwombe akuuzie majani mazima. Yaoshe moja moja kwa maji yanayotiririka, hasa upande wa chini ambako vidukari hujibanza kwenye mishipa ya jani, halafu ndipo ukate.

Kitunguu kikilainika kwenye mafuta, tia nyanya na chumvi. Nyanya zikipondeka, mimina sukuma, geuza kwa mwiko, funika dakika tatu au nne. Usiongeze maji, yale yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Ipua ikiwa bado kijani na ukiitafuna bado inasikika menoni. Watu wengi huiacha motoni mpaka inafifia na kuwa laini kama uji, na hapo ndipo wenzako wanapata hoja. Magadi usitie hata kama majani yamekomaa. Yanalainisha, ndiyo, lakini yanaiharibu hiyo vitamini C.

Mafuta nayo si ya ladha tu. Sukuma ina beta-karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na kinga. Bila mafuta kidogo mwili hauifyonzi vizuri. Anayekunywa sukuma iliyosagwa na maji matupu anaikosa sehemu kubwa.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni usafi. Unajua vizuri kwamba baadhi ya sukuma inayouzwa Nairobi imemwagiliwa maji taka. Mbichi kama hiyo inaweza kukuletea homa ya matumbo na minyoo, na kuisaga hakuui vijidudu. Ukitaka mbichi, panda yako kwenye gunia hapo nje ya jikoni, umwagilie maji safi. Hiyo kata nyembamba kabisa, isugue kwa chumvi, ndimu na mafuta kidogo hadi ilegee, uile kama kachumbari.

Kwa wewe usiyepatana na maziwa kuna jambo jingine, na ningependa ulishike kuliko yote. Gramu 100 za sukuma mbichi zina zaidi ya miligramu 200 za kalisiamu. Spinachi pia inayo, ila ina oksaleti nyingi zinazoishikilia isiingie mwilini. Sukuma ina oksaleti chache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990 uliona kwamba kalisiamu ya mboga hii inafyonzwa vizuri, hata haipitwi na ile ya maziwa. Mifupa yako inaihitaji, kwa hiyo usihesabu kijiko kimoja pembeni ya ugali kuwa ni mboga. Jaza nusu ya sahani.

Ulitaja pia kuongeza damu. Hapo usiitegemee peke yake, madini ya chuma si mengi kwenye sukuma. Uile na maharagwe, ndengu au githeri: vitamini C yake na ya nyanya husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye vyakula hivyo. Chai isubiri kwanza, angalau saa moja baada ya kula, maana inazuia chuma kufyonzwa. Na kama kliniki wamekupa vidonge vya chuma, meza. Mboga haichukui nafasi yake.

Ukiichoka, ipike na omena, au uitie njugu karanga zilizosagwa. Tui la nazi linaifaa sana, na asubuhi unaweza kuivunjia mayai mawili juu.

Sasa kuhusu baba mkwe wako. Uliniambia anatumia warfarin ili damu isigande. Sukuma ina vitamini K kwa wingi, na hiyo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Si lazima aiache, ila asile kidogo wiki hii na kujaza sahani wiki ijayo. Kiasi kiwe kilekile, na amweleze daktari anakula mara ngapi ili wapime damu wakijua. Zungumza na baba mkwe wako kabla hujaanza kupika sukuma kila siku hapo nyumbani.

Wasalimie wote.

Mama yako