"Mimi" ya Sayyida Salme: ianzie wapi?

Dada, umesema msimamizi amerudisha sura ya tasnifu yako kuhusu kitabu cha kumbukumbu cha Sayyida Salme (Emily Ruete), binti wa Sultani Said wa Zanzibar, kwa kuwa inasimulia maisha yake tu, haionyeshi anavyojijenga kama mwandishi.

Tenganisha kwanza Salme watatu: msichana wa jumba la Mtoni, Unguja, mjane anayemkumbuka akiwa Ujerumani, na mtunzi aliyechapishwa Berlin mwaka 1886, miaka 20 baada ya kuondoka Unguja. Kosa kubwa ni kuwachanganya.

Kisha chagua sura mbili za kitabu chake, upigie mstari kila "mimi" kwa rangi moja na kila "sisi" kwa nyingine. Kila "sisi" iulize: ni watoto wa Sultani Said, au wanawake wa Kiarabu wote? Hiyo ya pili ndiyo inayompa mamlaka ya kuwasahihisha Wazungu.

Tukio la kulitafuna polepole ni lile la kujifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Usiishie kusema alikuwa jasiri. Hapo ndipo anapojizaa mwandishi ndani ya kitabu chake mwenyewe.

Halafu hesabu aya. Utoto umejaa kurasa. Mapenzi yake na Ruete, Mjerumani aliyekuja kuwa mumewe, yanapitiwa mbio. Usiuite usahaulifu: anasema alianza kuwaandikia watoto wake, na sasa anasomwa na wageni pia.

Kama unatumia tafsiri, tafadhali usijenge hoja juu ya neno moja kabla ya kulilinganisha na Kijerumani alichoandika mwenyewe.