Ukihama, Fedha Ulizoziacha Nyuma Zinakufanya Mkaazi wa Kodi?

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Amehamia nchi nyingine pamoja na familia yake, lakini kule alikotoka ameacha akaunti ya benki, hisa kidogo na nyumba aliyoipangisha. Anauliza kama bado ni mkaazi wa kodi wa kule, yaani mtu ambaye nchi humhesabu kuwa wake katika kutoza kodi. Dada yangu, swali hilo nalijua vizuri mno, maana mimi liliniletea barua.

Mamlaka ya kodi ya nchi niliyohama ilikuwa imeorodhesha kila kitu: akaunti, gawio la hisa, pango nililolipwa na mpangaji wangu, hata mkopo wa nyumba niliokuwa naendelea kuulipa. Wakaona kwamba maisha yangu yangali kule, kwa hiyo mapato yangu ya popote duniani, pamoja na mshahara wa huku, yatozwe kodi kwao. Kilichoniuma zaidi ya hesabu ni lugha yao. Nilihojiwa kama mkwepaji, mimi ambaye sijawahi kuchelewesha ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato.

Sikukubali. Nchi hizo mbili zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, na mingi ya mikataba hiyo hufuata kielelezo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, katika kifungu chake cha 4. Nchi mbili zikimdai mtu mmoja kuwa mkaazi, vipimo hufuatana. Kwanza huangaliwa makazi ya kudumu. Yakiwapo pande zote mbili, hutazamwa kitovu cha masilahi yake, familia na uchumi kwa pamoja. Kisha anakoishi kwa kawaida, kisha uraia, na ikishindikana mamlaka zenyewe hukaa zikaelewana. Nyumba yangu ilikuwa na mpangaji mwenye mkataba. Nisingeweza kulala humo hata usiku mmoja. Haikuwa makazi yangu tena. Nikawapelekea mkataba huo, mkataba wa pango la huku, barua ya mwajiri na uthibitisho wa shule ya watoto. Tuliandikiana muda mrefu, mwishowe wakakubali. Hadi leo najivunia, kwa sababu kila karatasi niliitafuta mwenyewe.

Lakini ushindi wangu usikudanganye kwamba fedha hazina uzito popote. Uingereza, katika kanuni zake za mwaka 2013, huhesabu siku ulizokaa huko pamoja na vifungo, yaani mambo yanayokuunganisha na nchi, kama familia, malazi na kazi. Akaunti ya benki haimo katika orodha hiyo. Kanada huanza na nyumba, mwenzi na wategemezi, ndipo ikatazama akaunti na kadi za benki kama vifungo vya pili, ambavyo kimoja peke yake ni nadra kutosha. Ufaransa ni kali: kitovu cha masilahi ya kiuchumi kikiwa kwao, hicho pekee chatosha kisheria kukufanya mkaazi, hata kama hukufikisha siku 183 za kukaa huko. Hispania nayo ina kipimo kinachofanana na hicho. Kwa hiyo, kabla hujatulia kwa kuhesabu siku, soma sheria ya nchi husika.

Na tafadhali, nendeni mkabadilishe taarifa zenu benki! Tangu 2017 nchi nyingi hupeana taarifa za akaunti chini ya utaratibu wa OECD, na benki huangalia ukaazi wa kodi uliojaza kwenye fomu, anwani yako na namba yako ya mlipakodi. Ukihama ukaacha anwani ya zamani, benki itaendelea kukuhesabu mkaazi wa kule. Halafu utalalamika umeonewa, wakati karatasi yenye saini yako ndiyo inayosema hivyo. Watu wazima wenye mipango mikubwa hatuwezi kuendesha mambo namna hii.

Kuhusu nyumba yako, dada: hata ukithibitisha kwamba wewe si mkaazi tena, pango unalolipwa na mpangaji bado linaweza kutozwa kodi kule ilipo nyumba, kwa sababu mikataba hii huipa nchi yenye ardhi haki hiyo. Endelea kupeleka ritani ya pango, na utunze nakala ya mkataba wa mpangaji.