Kabla Hujafunga Kifaa cha Kupunguza Mafuta kwenye Haibridi Yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbarara aliniandikia: "Kaka, nimeonyeshwa kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, shilingi 250,000. Wanasema Aqua yangu itapunguza mafuta kwa asilimia 30. Ninunue?" Nilimjibu asinunue, kisha nikaona jibu hilo halitoshi. Ujumbe wa namna hii hunijia kila bei ya petroli inapopanda, na wanaouliza ni watu kama mimi: tumenunua haibridi, magari ya petroli na umeme kama Toyota Aqua, kwa jasho, tunatafutia riziki humo, na kila lita tunaihesabu.

Mimi naendesha Aqua hapa Kampala, teksi ya kukodi. Nilikuwa tayari barabarani Januari 2022, pale malori yalipokwama mpakani na Kenya, Malaba na Busia, kwa mvutano wa vipimo vya korona, petroli ikawa ya kuwinda kituo hadi kituo. Wenzangu wenye magari ya kunywa mafuta walipaki. Mimi niliendelea kubeba abiria, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia. Baada ya hapo madereva wengi wakataka haibridi, na nyuma ya haibridi wakaja wauzaji: sumaku za kubana kwenye bomba la petroli, kifeni cha kuweka kwenye njia ya hewa, chupa ya maji ya kutoa haidrojeni, vidonge vya kutia tangini, na hicho kidude cha kuchomeka.

Muuzaji mmoja aliingizwa kwenye kundi letu la WhatsApp la steji. Niliuliza swali moja tu: mmepimaje? Nikaambiwa nina wivu, sitaki wenzangu wapate. Nilipouliza mara ya pili nikatolewa kwenye kundi. Hawa ni watu niliochanga nao misiba, nikawasindikiza kwenye harusi zao. Liliniuma, na bado linaniuma nikipita pale stejini.

Baadaye mmoja wao alikuja kwangu kimya kimya. Kifaa chake kilikuwa kimeacha kuwaka, akataka kujua kama kinatengenezeka. Tulikipeleka kwa fundi wa umeme Katwe, akakifungua kwa bisibisi ndogo juu ya gazeti. Ndani kulikuwa na kibao cha kijani kisichofika upana wa vidole viwili, taa tatu ndogo, kitufe, na chipu moja ya kuziwashawasha hizo taa. Fundi alifuata njia za shaba moja moja kwa ncha ya bisibisi. Pini za umeme zilikuwa zimeunganishwa. Pini ambazo kompyuta ya gari hutumia kuzungumza na mashine ya kupimia hazikuwa zimeunganishwa na kitu chochote. Kifaa hakikuwa na njia ya kusikia injini wala ya kuiambia neno. Mwenzangu alikitazama muda mrefu, akaniomba nisiwaambie wengine. Jina lake sijalitaja na sitalitaja.

Sasa kwa nini watu hununua? Nadhani tatizo huanzia siku ya kununua gari. Aqua ilipotoka Japani mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, na namba hiyo bado inatajwa na wauzaji wa magari hapa. Ni namba ya kipimo cha maabara cha Kijapani. Haina foleni ya Jinja Road, haina mlima wa Mutundwe, haina abiria wanne na magunia ya matoke kwenye buti. Mtu akipata ishirini na kitu anadhani gari lake lina kasoro, na hapo ndipo anakuwa tayari kumsikiliza yeyote mwenye kifaa.

Gari halina kasoro. Haibridi imeshafanya zile kazi ambazo wauzaji wanaahidi. Injini yake huchelewa kufunga vali za kuingizia hewa ili kila tone la petroli lisukume kwa muda mrefu zaidi. Ukisimama, injini inazima. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Wahandisi wa Toyota wamekuwa wakikuna vichwa juu ya mfumo huu tangu Prius ya kwanza, haibridi yao ya 1997. Kama sumaku mbili za kwenye bomba zingeongeza hata asilimia tano, wangezifunga wenyewe kiwandani, maana sumaku ni bei ya chai.

Chupa ya haidrojeni inanitia hasira kuliko vyote, kwa sababu inaonekana ya kisayansi. Inachukua umeme wa gari, inapasua maji, na gesi inaingizwa kwenye injini. Umeme huo unatoka wapi? Aqua na Prius hazina hata altaneta, ile jenereta inayochaji betri kwenye magari ya kawaida. Betri ndogo ya volti 12 huchajiwa kutoka betri kubwa, na betri kubwa hujazwa na injini inayochoma petroli yako. Kila hatua inapoteza kidogo, na gesi unayopata haiwezi kurudisha hata ulichotumia kuitengeneza. Wengine huongeza kijisanduku cha kudanganya sensa ya moshi ili kompyuta ipunguze petroli. Hapo injini inaunguza mchanganyiko mwepesi kupita kiasi, joto linapanda, na utakutana na bili ya injini ambayo hakuna akiba ya mafuta itakayoilipa.

Huko Marekani shirika la serikali la mazingira, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya namna hii kwa miaka mingi. Vichache sana vilionyesha nafuu, tena ndogo, na vingine viliongeza moshi mchafu.

Lakini sisemi kila nyongeza ni uongo. Mwaka 2004 kundi la CalCars kule California liliongeza betri kwenye Prius ya kawaida, wakaichaji kwa umeme wa ukutani, na petroli ikapungua kweli. Miaka michache baadaye kampuni ya Hymotion ikauza betri ya kuongeza ya kama kilowati-saa 5, kwa takriban dola 10,000. Ilifanya kazi kwa sababu ilileta nguvu kutoka nje ya gari. Hilo ndilo swali la kumuuliza kila muuzaji: kitu chako kinaleta nguvu kutoka wapi, au kinazuia upotevu gani? Akianza kuzungusha maneno, ondoka.

Na upotevu upo, mwingi, kwenye magari yetu wenyewe. Kwenye Aqua betri iko chini ya kiti cha nyuma, na karibu na hicho kiti kuna tundu linalovuta hewa ya kuipoza. Nenda kalitazame. Kwa vumbi letu hili jekundu, filta yake huziba kama blanketi, na abiria nao wanabandika mabegi juu yake. Betri ikipata joto, kompyuta inapunguza kuitumia na kuichaji, na kazi yote inarudi kwa injini. Nimeona Aqua ambayo mwenyewe alikuwa anatafutiwa betri mpya, kumbe feni ilikuwa imeviringishwa nywele na vumbi kama kiota. Filta unaweza kuipangusa mwenyewe. Feni mpe fundi anayejua haibridi, maana waya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua.

Kisha tairi. Watu wanafunga rimu kubwa na kuinua gari kwa spesa ili lipite kwenye matuta na mashimo, halafu wanalalamika mafuta. Nawaelewa, barabara zetu tunazijua. Lakini rimu nzito na tairi pana hula petroli, gari lililoinuliwa linapigwa na upepo zaidi, na tairi ikiwa na mzunguko mkubwa kuliko ya kiwanda, hata kilomita za dashibodi zinadanganya. Jaza upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Toa keria ya juu kama huna mzigo. Kagua breki zisibaki zimeshika ukiachia pedali. Tumia oili nyepesi kama kitabu kinavyosema, 0W-20, hata kama muuza oili anakuapia kwamba nzito ndiyo hulinda injini.

Na gia ya B, jamani. Nawasikia madereva wakifundishana kwamba B inachaji betri kwa hiyo inaokoa mafuta. B ni ya mteremko mrefu, kama ukitoka Kanaba kushuka Kisoro, pale betri imejaa na unahitaji injini ikusaidie kushika gari. Ukiendeshea B mjini, unatupa nguvu ambayo D, gia ya kawaida, ingeirudisha kwenye betri.

Mtaniambia, mbona fulani amefunga kifaa na mafuta yakapungua? Nakubali yalipungua. Siku ya kufunga, gereji ilimjazia tairi upepo, ikambadilishia oili na plagi. Halafu mwenyewe, kwa kuwa ametoa pesa, akaanza kukanyaga taratibu na kuangalia dashibodi kila dakika. Mguu wake ndio uliookoa, sifa ikaenda kwa taa tatu za rangi. Ndugu zangu, mguu huo mnao tayari, na haugharimu 250,000. Achia pedali mapema unapoona foleni mbele, ili breki ya umeme ifanye kazi yake. Kwenye njia ya Entebbe shika 80 badala ya 110.

Kwa muuzaji yeyote anayesoma hapa, ahadi yangu iko wazi. Lete kifaa chako. Tutajaza tangi pampu ileile, hadi bomba lijifunge lenyewe, tairi upepo sawa, njia ileile, saa zilezile. Kitafungwa na kufunguliwa na mtu wa tatu, dereva asijue lini kipo na lini hakipo. Tutafanya hivyo wiki kadhaa, na lita tutazisoma kwenye risiti, wala si kwenye dashibodi. Mafuta yote nalipa mimi, na matokeo nitayaandika hapa yakiwa upande wako au upande wangu.