Tagi ya kanoniko: usiiulize anwani, iulize hifadhidata

Tagi ya kanoniko ni mstari ndani ya msimbo wa ukurasa unaoiambia injini ya utafutaji anwani ipi ndiyo asili kati ya zinazofanana. Nilikabidhiwa tovuti ya katalogi iliyokuwa na bidhaa elfu sita hivi, lakini anwani zake zilipita elfu arobaini. Zilizozidi zote zilikuwa vivuli: ukurasa uleule umepangwa kwa bei, uleule umechujwa kwa rangi, uleule umeburuta mkia wa utm_source (alama ya kufuatilia mgeni alikotoka) kutoka kwenye barua pepe ya matangazo. Roboti ya Google, programu inayopitia kurasa, ilikuwa ikizunguka humo kutwa kucha huku bidhaa mpya zikingoja zamu. Kuweka tagi ukurasa mmoja mmoja kwa mkono isingekuwa kazi ya kumaliza mwaka huo.

Nikafungua kiolezo kikuu, faili linalozipa kurasa umbo lake, nikaandika mstari mmoja wa kuchukua anwani iliyofunguliwa wakati huo na kuipachika kwenye rel="canonical", ndiyo tagi yenyewe. Dakika tano, nikaenda kunywa chai. Kumbe kila kivuli sasa kilikuwa kinatangaza, "Asili ni mimi." Uliopangwa kwa bei ulisema hivyo, uliochujwa kwa rangi nao hivyo hivyo. Mtu akibandika kiungo chenye mkia wowote wa kubuni, tovuti yangu iliuthibitisha.

Nilivyojaribu kurekebisha, nikaharibu zaidi. Niliamua kukata kila kitu kinachofuata alama ya kuuliza. Nilichosahau ni kwamba bidhaa za zamani zilikuwa zinatambulishwa kwa ?id= na namba. Kwa kukata huko, mamia ya bidhaa tofauti yakaelekeza asili yao kwenye ukurasa mmoja mtupu. Baadhi zilianza kutoweka kwenye matokeo ya utafutaji. Kilichoniponya nusu ni kwamba tagi hii, tangu Google, Yahoo na Microsoft walipoitangaza pamoja Februari 2009, ni dokezo tu kwa injini ya utafutaji, si amri. Kurasa zenye maudhui yasiyofanana kabisa, Google inaweza kuipuuza tagi na kuamua yenyewe. Lakini usijenge tovuti kwa kutegemea huruma hiyo.

Dawa ilikuwa kuacha kabisa kuiangalia anwani ya kivinjari. Kila bidhaa ina rekodi yake kwenye hifadhidata; basi niliandika kitendaji (kipande cha msimbo) kimoja kinachopokea rekodi na kutunga anwani nzima, kuanzia https hadi herufi ya mwisho. Jina la kikoa linatoka kwenye mipangilio, si kwenye ombi la mgeni, la sivyo ipo siku seva ya majaribio itaandika jina lake kwenye kurasa za watu. Kitendaji hicho hicho ndicho kinachotunga viungo vya ndani na ramani ya tovuti, kwa hiyo vyote vinasema neno moja. Kiolezo kisichojua kinaonyesha rekodi gani hakiweki tagi. Bora kukosekana kuliko kudanganya.

Kwa kurasa za orodha niliandika vigezo (vipande vya baada ya alama ya kuuliza) vinavyoruhusiwa, si vinavyokatazwa, maana vya kukatazwa haviishi kuzaliwa. Kigezo cha namba ya ukurasa kinabaki: ukurasa wa pili wa orodha unajielekeza wenyewe, hauelekezi wa kwanza, kwa sababu bidhaa zilizomo si zilezile. Vichujio ndivyo vilivyotuchukua muda, na hapo hakuna msimbo utakaokuamulia. Kichujio ambacho watu wanakitafuta kweli kinastahili anwani yake; vingine vinarudi kwenye orodha mama.

Usizuie vivuli kwa robots.txt, faili linaloiambia roboti isifungue kurasa zipi, ukidhani unasaidia. Roboti isiyoweza kufungua ukurasa haiwezi kuisoma tagi iliyomo.

Tazama pia kinachotoka kwenye seva, si kiolezo peke yake. Mimi nilikuta tagi mbili zinazopingana, moja ya kwangu na moja ya programu-jalizi niliyokuwa nimeisahau. Kwenye kurasa nyingine kulikuwa na div (kisanduku cha maudhui) iliyoingizwa na msimbo wa matangazo ndani ya head, sehemu ya juu ya msimbo ambayo msomaji haioni. Kivinjari kikiikuta huifunga head papo hapo, na tagi iliyo chini yake inaangukia kwenye body, sehemu inayoonekana, ambako haihesabiwi. Tangu hapo naiweka juu kabisa. Faili za PDF hazina head, hizo zinapewa kichwa cha HTTP cha Link, maelezo ambayo seva hutuma pamoja na faili.

Kabla ya kusambaza, chukua kurasa chache za kila kiolezo, fungua anwani iliyotajwa kwenye tagi, na uhakikishe mambo manne: inajibu 200 (ukurasa upo), haielekezi kwingine, haina noindex (agizo la kutoorodheshwa kwenye utafutaji), na tagi yake inajitaja yenyewe. Jaribio langu linajiendesha kila usiku. Juzi lilikamata kundi la bidhaa zilizobadilishwa jina, tagi zikiwa bado zinataja anwani za zamani zenye 301, yaani zilizohamishiwa kwingine. Kashe, nakala za muda za kurasa, ilikuwa haijafutwa.